Sikio la Bibi Kizee

Wasukuma wana hadithi ya zimwi liitwalo Shing'weng'we. Zimwi hilo lilimeza watu wote wa dunia, likameza na ng'ombe wao, mbuzi wao na kuku wao. Alinusurika mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha ndani ya rundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto huyo anaitwa Masala Kulangwa. Masala ni akili. Kulangwa ni kufundishwa. Alipopata fahamu akamuuliza mama yake watu wengine wako wapi. Akaelezwa. Tangu hapo akawa mwindaji: akaua panzi, akampelekea mama, akauliza kama ndiye Shing'weng'we. Mama akasema siye. Akaua ndege, kisha wanyama wakubwa zaidi, na kila mara jibu likawa lile lile. Mwisho akakutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai pamoja na mifugo yao.

Lakini kisu kilipokuwa kikipasua kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akawaka hasira, akamtolea maneno makali kijana aliyemwokoa, hata akataka kumroga. Masala Kulangwa hakubishana naye. Alitafuta dawa, akamtibu. Ndipo watu wakampandisha kwenye kiti cha utemi.

Hadithi hii husimuliwa kwa namna nyingi, na wasimulizi wengine huipita haraka habari ya sikio. Mimi naona hapo ndipo penye kiini chake. Kwa takriban miaka 150, kwenye ufukwe huu wa Ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria, Tanzania, upande wa Magu na upande wa Ukerewe ng'ambo, watu wamekuwa wakipasua tumbo la usahaulifu ili kutoa maneno: wamisionari, wanaisimu, makatekista, wacheza ngoma. Maneno yalitoka. Karibu kila mara, sikio la mtu lilikatwa. Historia ya lugha na fasihi za mahali hapa ni historia ya kisu hicho, na ya wale wachache waliorudi na dawa.

Kageye, 1875

Tarehe 27 Februari 1875 msafara wa Henry Morton Stanley ulifika Kageye, kijiji cha ufukweni katika Magu ya leo. Mashua yake, Lady Alice, ilikuwa imebebwa mabegani kutoka pwani vipande vipande. Hapo Kageye ikaunganishwa. Tarehe 8 Machi ikatweka, ikalizunguka ziwa na kurejea Kageye mwezi Mei.

Vitabu vya shule vinaikumbuka safari hiyo kwa sababu ya ramani. Mimi naikumbuka kwa sababu ya lugha. Wapagazi na askari waliopiga kambi Kageye walikuwa watu wa Zanzibar, wa Unyamwezi na wa sehemu nyingine nyingi, na kilichowaunganisha kilikuwa Kiswahili. Katika msafara huo alikuwamo kijana aliyeitwa Dallington Scopion Maftaa, aliyesomeshwa Zanzibar katika shule ya wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Stanley alipofika Buganda, Kabaka Mutesa alitaka mtu wa kumsomea na kumtafsiria Maandiko. Dallington ndiye aliyebaki. Kwa hiyo mmoja wa wafasiri wa mwanzo kabisa wa eneo la Ziwa alikuwa Mwafrika kijana, mwenye Kiswahili cha Unguja, aliyepitia Kageye kwa miguu.

Zanzibar aliyotoka Dallington ilikuwa tayari na kazi nyingine ya maneno. Mwaka 1870 Edward Steere wa misheni hiyo hiyo alichapisha London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizozipata kwa wasimulizi wa Unguja. Mojawapo inamhusu Nunda, mla watu. Mwana mdogo wa sultani anaenda kumwinda mnyama huyo. Anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anamletea mama yake na kuuliza kama ndiye Nunda, na kila mara mama anajibu siye. Msukuma yeyote akiisoma atasimama hapo na kusema: huyu ni Masala Kulangwa. Kati ya Unguja na Magu ni mwendo wa miezi kwa miguu, lakini mtoto ni yule yule, na mama anajibu lile lile.

Nassa na herufi za watu wengine

Mwishoni mwa miaka ya 1880 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo Nassa, mashariki ya Magu mjini, eneo lililokuwa ndani ya Wilaya ya Magu mpaka Busega ilipokuwa wilaya mwaka 2012. Mwaka 1909 kituo hicho kilipokelewa na Africa Inland Mission, na Emil Sywulka akawa miongoni mwa waliofanya kazi huko. Wamisionari hao na wasaidizi wao Wasukuma walishika kazi kubwa: kukiweka Kisukuma kwenye karatasi. Agano Jipya kwa Kisukuma lilitoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa na mtu asiyeijua lugha. Kiswahili kina irabu tano, Kisukuma kina saba. Mtu aliyezoea herufi za Kiswahili anasikia i moja pale Msukuma anaposikia mbili, na u moja pale penye mbili. Zipo pia sauti za puani zinazotoka na pumzi, kama mh katika jina Gumha, ambazo sikio la mgeni huzipita bila kuziona. Halafu kuna toni. Katika Kisukuma, maana hubebwa pia na kupanda na kushuka kwa sauti, na toni ya juu ina tabia ya ajabu: silabi yenye kuimiliki mara nyingi siyo inayoitoa. Toni husogea kulia, mpaka silabi mbili mbele, na inaweza kusikika ndani ya neno linalofuata. Haya yalichambuliwa kwa kina na Irvine Richardson katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu toni za Kisukuma, na tangu wakati huo wanaisimu wa mbali, ambao pengine hawajawahi kuiona Magu, wamejengea nadharia juu yake.

Biblia ya Kisukuma haina alama za kuionyesha mienendo hiyo yote ya toni. Hilo ndilo sikio la kwanza lililokatwa, na sisemi hivyo kwa lawama. Bila Nassa pasingekuwa na kitabu. Lakini msomaji wa Kisukuma anapokifungua kitabu hicho anakuta nusu ya lugha yake. Nusu ya pili inabidi aitie mwenyewe, kutoka kinywani mwa mama yake.

Idatu

Ufukwe huu uliingia katika elimu ya lugha za dunia kwa mlango mwingine pia, mdogo kama neno la mtoto anayejifunza kuhesabu. Mswahili husema tatu. Msukuma husema idatu. Kwa nini d?

Aliyeligundua jambo hili kwa jicho la kitaalamu alikuwa Edmund Dahl, mmisionari Mmoravian aliyefanya kazi Unyamwezi, kwa ndugu wa damu wa Wasukuma. Aliona kwamba palipokuwa na sauti mbili za aina ya t, k au p katika silabi zinazofuatana, ya kwanza hulegea: t ikawa d. Mwaka 1903 Carl Meinhof, mwasisi wa elimu ya ulinganisho wa lugha za Kibantu huko Ujerumani, aliuita utaratibu huo Kanuni ya Dahl. Jina hilo linatumika mpaka leo katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Wakikuyu wa Kenya wanaishi ndani ya kanuni hiyo kila wanapojitaja: ile ki ya mwanzo imelegea, wakawa Gĩkũyũ.

Hili linanigusa sana. Mama aliyekaa juu ya mkeka huko Unyamwezi akimhesabia mwanawe vidole alikuwa akisema jambo ambalo wataalamu wa Berlin na Hamburg walihitaji miaka kulieleza. Kanuni imebeba jina la mgeni aliyeisikia. Waliomsemea, mpaka akasikia, hawatajwi. Nalo ni sikio.

Elimu hiyo hiyo ilituonyesha jambo jingine kuhusu ghuba yetu. Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu katika kitabu chake cha 1948, Kisukuma alikiweka kundi F pamoja na Kinyamwezi, na Kikerewe akakiweka kundi E, pamoja na lugha za magharibi ya ziwa kama Kihaya. Mtu akisimama ufukweni Magu na kutazama ng'ambo, kisiwa cha Ukerewe kiko jirani. Kwa lugha, maji yale ni mpaka. Wakerewe wamefungamana zaidi na watu wa Bukoba, walio upande wa pili wa ziwa, kuliko na Wasukuma wanaouziana nao dagaa na mihogo. Jirani yako wa karibu anaweza kuwa mgeni wako wa mbali, na ndiyo maana ufukwe huu haujawahi kuishi bila wakalimani.

Mzee wa Kagunguli

Mkalimani mkubwa kuliko wote alitoka upande ule wa maji. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, mjukuu wa Machunda, mtawala wa Ukerewe. Alisoma kwa mapadri Kagunguli, kisha seminari ya Rubya huko Buhaya, ambako alikaa takriban miaka kumi na kujifunza Kilatini pamoja na lugha nyingine za Ulaya. Mwaka 1919 alirudi nyumbani akamwoa Anna Katura. Alifanya kazi kwa mfanyabiashara, baadaye akawa katekista na mfasiri wa misheni. Mbele ya macho yake vijana wa Ukerewe walikuwa wakisahau. Wazee waliokuwa wakijua majina ya mitego, ya dawa, ya vyungu na ya hatua za kuposa walikuwa wakifariki mmoja mmoja.

Kwa kutiwa moyo na Padri Simard, mmisionari kutoka Kanada, Kitereza aliandika. Hakuandika orodha ya mila, aliandika riwaya. Mwaka 1945 alimaliza kwa Kikerewe habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, wanandoa wanaopendana na kukosa mtoto. Ndugu wa mume wanasema, wakwe wanamrudisha binti yao nyumbani, mume anakwenda kumwomba mkewe na kutozwa faini ya pombe ya ndizi, mganga anatafutwa, na hatimaye wanazaliwa Ntulanalwo na dada yake Bulihwali. Ndani ya simulizi hilo moja msomaji anajifunza namna ya kulima, kuvua, kuchinja, kulia msiba na kusalimia mkwe. Kitereza alimweka kila Mkerewe wa kale mahali ambapo usahaulifu usingemfikia.

Kisha kitabu kikakaa miaka 35. Nani angechapa riwaya ya mamia ya kurasa kwa lugha ya kisiwa? Padri Simard alianza kuitafsiri kwa Kifaransa, akafariki kabla ya kuimaliza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika Ukerewe mwanahistoria Mmarekani, Gerald Hartwig, pamoja na mkewe Charlotte. Mwaka 1972 walichapisha makala katika jarida la kimataifa la fasihi za Kiafrika, wakaujulisha ulimwengu wa wasomi kwamba kisiwani yupo mwandishi wa riwaya. Shauri alilopewa mzee lilikuwa gumu lakini la kweli: iwe Kiswahili, ndipo itachapwa. Kitereza, akiwa na umri wa miaka zaidi ya sabini, akakaa tena mezani akajitafsiri mwenyewe.

Tuutazame wakati huo. Mwaka 1969 kilitoka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Shakespeare iliyofanywa na Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, upande wa pili wa Ghuba ya Speke. Rais alikuwa akiuleta ulimwengu ndani ya Kiswahili. Wakati ule ule mzee wa Kagunguli alikuwa akikipeleka Kikerewe ndani ya Kiswahili hicho hicho. Wote wawili hawakuzaliwa na Kiswahili. Wote wawili walikiamini kuwa mtumbwi mpana wa kutosha. Katika miaka hiyo hiyo alikuja kijana wa Namagondo, Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, aliyechapisha Rosa Mistika mwaka 1971 na kuigeuza njia ya riwaya ya Kiswahili kutoka pembe hii ya bara, mbali kabisa na pwani.

Riwaya ya Kitereza ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Kutoka Kiswahili riwaya ikasafiri: Wilhelm Möhlig aliitafsiri kwa Kijerumani katika vitabu viwili, 1991 na 1993, Simon Baguma Mweze akaileta kwa Kifaransa, Paris, 1996 na 1999. Msomaji wa Wuppertal, Ujerumani, alimjua Bugonoka kabla ya wasomaji wengi wa Mwanza.

Lakini maneno ya Kikerewe, yale aliyoyaandika kwanza usiku baada ya usiku, yalikuwa bado kabatini. Kilichokuwa kikisomwa duniani kilikuwa tafsiri, na tafsiri za tafsiri. Kitereza aliwaokoa watu wake kwa kisu kikali, na Kikerewe chenyewe kikapoteza sikio.

Aliyekwenda kutafuta dawa alikuwa Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa Uwike Usiwike Kutakucha, mzaliwa wa Ukerewe, msomi wa Makerere na Sorbonne aliyefundisha fasihi linganishi Georgia, Marekani. Njia rahisi ingekuwa kutafsiri kutoka Kiswahili kilichochapwa. Ruhumbika alirudi kwenye muswada wa Kikerewe, akautafsiri kwa Kiingereza kwa kufuata maneno ya mzee mwenyewe, na Mkuki na Nyota wakaichapa tafsiri hiyo Dar es Salaam mwaka 2002. Hiyo ndiyo elimu ya fasihi za dunia ninayoiheshimu: mtu mwenye lugha nyingi anayekubali kurudi nyuma mpaka kwenye lugha ya bibi yake.

Bujora

Upande wa Magu hapakuwa na Kitereza. Kisukuma kina wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya kienyeji nchini, na bado riwaya zake ni haba. Hilo lisimfanye mtu aseme Wasukuma hawana fasihi. Fasihi yao iko mdomoni na miguuni. Iko katika nyimbo za kulima, mistari ya majembe ikipanda na kushuka kwa mdundo wa bugobogobo. Iko kwa ning'i, mtunzi anayesifu, anayekemea na anayekumbuka. Iko katika ushindani wa Bagika na Bagalu. Vyama hivyo viwili vinawataja kama waasisi Ngika na Gumha, wachezaji na waganga wa karne ya 19 walioshindania umaarufu. Anayevuta umati mkubwa zaidi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila mtunzi analazimika kuleta wimbo mpya, dawa mpya na mchezo mpya, na watazamaji, kwa miguu yao, ndio wahakiki.

Aliyelielewa jambo hili alikuwa Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, aliyeanzisha parokia ya Bujora, Kisesa, katika miaka ya 1950. Kanisa alilolijenga ni la mviringo, mfano wa nyumba ya mtemi. Alikusanya nyimbo, ngoma na habari za watemi akishirikiana na Wasukuma wenyewe. Mwaka 1963 serikali ilifuta utemi nchini. Ngoma za enzi zikawa hazina ikulu. Bujora ikazipa makao, na mwaka 1968 Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa.

Ngoma iliyowekwa makumbusho inaweza kuwa imeokolewa na kukatwa sikio kwa wakati mmoja, maana ngoma isiyopigwa haisemi. Clement aliliona hilo. Ndiyo sababu Bujora ina Bulabo, tamasha linaloambatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambapo Bagika na Bagalu hushindana uwanjani mbele ya umati, kila kundi na nyoka wake, fisi wake na wimbo wake wa mwaka. Vitu vya kale vimo ndani. Nje, siku hiyo, fasihi inatungwa upya.

Dawa

Alice Werner, aliyefundisha Kiswahili London, alitenga sura nzima ya kitabu chake cha 1933 kuhusu visasili vya Wabantu kwa ajili ya zimwi linalomeza watu. Hadithi hiyo aliikuta sehemu nyingi, na miongoni mwake ni Lesotho, ambako Wasotho wana kijana wao aliyeliua zimwi. Kule nako, kisu kinapoingia, sauti hulia kutoka ndani: angalia, unanikata. Lakini mwisho wa Wasotho ni mchungu. Watu waliookolewa wanamchukia mwokozi wao na kutafuta kumuua. S. M. Mofokeng aliandika tamthilia juu ya hilo, Senkatana, mwaka 1952.

Kulinganisha fasihi kuna faida yake hapa. Hadithi mbili, mwili mmoja, jeraha moja, miisho miwili. Msukuma, alipofika kwenye jeraha, aliongeza kitu: dawa. Alisema kwamba kuokoa hakutoshi, na kwamba aliyeumia katika kuokolewa ana haki ya kukasirika na kutibiwa. Na alisema kwamba utemi hupewa aliyetibu.

Tunazo leo nakala za Biblia ya 1960, riwaya ya 1980, vitabu vya Hamburg na London, nyimbo zilizorekodiwa. Watu wametoka tumboni. Dawa iliyobaki ni rahisi kuitaja na ngumu kuitenda: mtoto wa Kisesa anayesoma Kiswahili asubuhi na Kiingereza mchana ahesabu jioni kwa Kisukuma, kwa sauti, mbele ya bibi yake, mpaka afike idatu, na bibi amrekebishe toni. Hakuna herufi inayoweza kumfanyia kazi hiyo. Bibi mwenyewe ndiye kamusi, na sikio lake likiwa zima, mtoto atajua amekosea wapi.